Gia Zinateleza

Jumapili, tarehe nane Juni. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka karibu na mapaa. Mvua hainyeshi, jua halitoki, na moshi wa majiko ulitambaa uani badala ya kupanda juu. Ilikuwa hali nzuri kwa kazi ya gari, kwa kuwa bati la boneti haliunguzi mikono. Ndivyo mtunza stoo mmoja wa hospitali, mtu ambaye katika ukoo wake hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina tena, alivyomwambia mkewe. Dada yake, shemeji zake, hata watoto wa jirani, wote walimwita Stoo.

Stoo alikuwa mtu wa vitu vyake. Spana zake zilining'inia ukutani kwa kufuatana na ukubwa, kama watoto wa shule mstarini. Chupa tupu alizihifadhi zikiwa zimeoshwa. Gari lake lilikuwa steshenwagoni la rangi ya majivu, la gia za otomatiki, na alikuwa nalo tangu mtoto wake wa kwanza hajasimama dede. Hakuwahi kuligonga. Na hakuwahi kumwazima mtu.

Sasa, kumnyima ndugu gari waziwazi ni tusi, na Stoo hakuwa mtu wa matusi. Siku ya kwanza alipoombwa, na binamu yake aliyekuwa anahama nyumba, alijishika kidevu, akatazama chini, akasema, "Ningekupa, ndugu yangu, lakini gia zinateleza." Binamu akampa pole. Baadaye akaja mwingine mwenye harusi, gia zikateleza. Akaja mwenye msiba, zikateleza vilevile. Na kila asubuhi watu walimwona Stoo akienda kazini kwa gari hilohilo, limetulia kama bwana harusi.

Haukupita muda, ukoo mzima ukaelewa. Hawakumkasirikia, walimcheka. Maneno yale yakawa yao. Mtoto akitumwa kuosha vyombo na hataki, anamwambia mama yake, "Leo gia zinateleza." Mume wa dada yake, dalali wa mnadani ambaye sauti yake ilimpatia jina la Honi, aliwahi kushika kipaza sauti kwenye harusi ya binti wa Stoo mwenyewe na kutangaza kwamba bwana harusi ameletwa hapa mbio kabla gia hazijateleza. Stoo alicheka pamoja nao. Mkewe ndiye ambaye hakucheka.

"Maneno huumba, baba watoto," alimwambia usiku ule wakivua viatu. "Tafuta udhuru mwingine. Sema hata tairi."

Basi ikaja habari ya jicho la mama.

Jicho la kushoto la mama yake Stoo lilikuwa limekwisha zamani, kwa kungoja. La kulia nalo lilikuwa likifungwa na mtoto wa jicho. Daktari wa kuuondoa ugonjwa huo huja kwa zamu katika hospitali kubwa iliyoko ng'ambo ya mlima, na ukikosa siku uliyopangiwa unarudi mwisho wa foleni. Mama alipangiwa Jumatatu, na mapokezi hufungwa adhuhuri. Basi lipo, lakini linaishia njia panda, na hapo unangoja jingine ambalo likitaka linakuja, lisipotaka haliji. Tena mama alikuwa na nyonga mbovu, kukaa kwenye kiti cha basi kwake ni adhabu. Dada alipopiga simu hakuomba gari. Alikuwa anaeleza tu shida, kwa sauti ya mtu aliyekwisha jua jibu.

"Chukueni gari," Stoo akasema.

Dada akahamishia simu sikio la pili.

"Kaka, umesema nini?"

"Chukueni gari. Shemeji ataendesha. Mimi Jumatatu tunahesabu mali kazini, siwezi kutoka. Jumapili nitalibadilishia maji ya rejeta na oili ya giaboksi, liwe zima kwa ajili ya mlima."

Alisikia dada yake akiiziba simu kwa kiganja na kuita, "Njooni msikie maajabu!"

Kwa hiyo Jumapili ile alikuwa na furaha. Mkewe alimsikia akipiga mluzi huku akitandaza magunia chini ya gari. Alianza na maji, kwa kuwa injini ilikuwa imelala baridi usiku kucha, na rejeta haifunguliwi ikiwa na moto. Akaweka kabari za mbao nyuma ya magurudumu, akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta.

Chini ya kifuniko kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia. Aliugusa kwa kidole. Ulikuwa unateleza na kuvutika kama ute wa bamia.

Mluzi ukakoma. Akakifuta kifuniko kwa kitambaa, akajiambia ni uchakavu tu, gari nalo linazeeka. Akaingia chini na beseni, akafungua nati ya rejeta. Maji yenye dawa yanapaswa kutoka ya kijani, hata yakiwa yamechoka. Haya yalitoka ya tope, na yalipotulia kwenye beseni yakaelea juu yake macho ya mafuta, madogo na makubwa, yakimwangalia.

Mtu mwingine angeacha hapo akafikiri. Stoo aliendelea, kwa sababu mikono iliyokwisha kuanza kazi huwa haipendi kuulizwa. Akaingiza mpira wa bomba, akaisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Akafunga nati, akachanganya dawa mpya na maji safi, akamimina polepole, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Akawa anaubinya mpira wa juu ili hewa itoke, mapovu yakipanda na kupasuka moja moja. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, ukasimama. Feni ikazunguka, ikazima. Kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa, na bado shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayesikia nyayo nyuma yake.

Injini ikiwa bado inanguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia.

Oili ya gia, ikiwa mpya, ni nyekundu kama sharubati. Ikichakaa inakuwa nyeusi na kunuka kuungua. Hii haikuwa nyekundu wala nyeusi. Ilikuwa ya waridi, nzito, yenye povu. Alikifuta kijiti, akakirudisha, akakitoa tena. Waridi. Akazima gari, akaingia chini, akalegeza nati ya giaboksi, na kilichomwagikia kwenye beseni la pili kilikuwa kama maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu, maziwa yaliyoingiwa na damu.

Alilala pale chini, mgongo kwenye gunia, akiyatazama yakidondoka.

Fundi wa gereji aliyekuwa akimshauri tangu zamani alikuwa safarini, lakini alipokea simu. Stoo alimweleza rangi.

"Rejeta yako imetoboka kwa ndani, bwana. Kule chini kuna njia ya kupozea oili ya gia. Oili inapita humo, maji yanapita nje yake, na katikati ni kaukuta kembamba tu. Kaukuta kameoza. Wameshaonana."

"Sasa nimemwaga yote. Nikitia oili mpya?"

"Utapata oili mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Hizo klachi za ndani zimebandikwa kwa gundi, na gundi ikishalowa maji inaachia. Hiyo hairudi, ndugu yangu."

"Litatembea?"

"Tena litatembea vizuri! Ndiyo ubaya wake. Litatembea leo, litatembea kesho, na siku likiamua halikuagi. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi mbele. Kwenye tambarare unashuka unasukuma. Kwenye mlima…" Akakohoa. "Unataka kwenda nalo wapi?"

Stoo alishukuru, akakata simu.

Akatia oili mpya, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Akaliwasha, akapitisha gia zote, akapima. Nyekundu, safi. Lakini alipokiinua kijiti kwenye mwanga aliona kama wingu jembamba ndani ya ule wekundu. Au alidhani ameliona. Ndipo maneno ya mkewe yalipomrudia, maneno huumba. Miaka yote alikuwa amelitabiria gari lake ugonjwa huu, huku anatabasamu, na siku moja tu aliyoamua kulitoa kwa moyo mweupe, ugonjwa umeitika.

Alasiri wakaja. Honi alikuwa amewaleta mkewe na mama mkwe wake kwa gari la mnada, wapate kulala pale na kuondoka alfajiri. Alimshusha mama mkwe kwa uangalifu, akamfikisha kwenye kiti barazani, kisha akanyoosha mikono mbinguni.

"Jamani! Niko macho au naota? Stoo anatoa gari! Kesho jua litatokea magharibi."

"Shemeji, karibu," Stoo akasema. "Kabla ya yote, kuna jambo."

"Usiseme." Honi akaziba masikio. "Shemeji yangu mpendwa, nakuomba kwa heshima ya mke wangu, usiniambie gia…"

"Rejeta imetoboka kwa ndani. Maji yameingia kwenye giaboksi. Gia zitateleza."

Dada yake alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Honi akafuata, akijipiga mapaja, na hata mama alitabasamu, uso wake umeelekea upande sauti zinakotoka. Stoo alisimama katikati yao na mikono yake michafu. Kicheko kilipopungua na wakamwona bado amesimama vilevile, hakikuisha kama kicheko kinavyoisha. Kilikatika.

"Kaka," dada akasema taratibu. "Kwa mama pia?"

"Njooni muone."

Akawapeleka kwenye mabeseni. Honi akachuchumaa, akatia kidole, akanusa.

"Hii nini? Umekoroga maziwa?"

"Hiyo ndiyo oili iliyotoka."

"Na hii nyekundu kwenye chupa?"

"Hiyo ni mpya."

"Kwa hiyo mbaya imetoka na mpya imeingia." Honi akasimama, akajifuta kidole kwenye nyasi. "Mimi ni dalali, shemeji. Nimeuza magari mabovu kuliko uliyowahi kuona. Nipe ufunguo."

Stoo akampa. Honi akaliondoa gari, likaingia barabarani bila mshtuko wowote, wakalisikia likipanda gia moja baada ya nyingine mpaka sauti ikapotea. Stoo alikuwa akiomba. Jambo la aibu ni kwamba alikuwa akiomba lifie hapohapo, kwenye tambarare, mbele ya duka la jirani, watu wote waone.

Lilirudi. Honi aliteremka akiwa hana mzaha tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kama siagi," akasema. "Maisha yangu sijaendesha gari la zamani linalokwenda hivyo. Mshale wa joto katikati. Shemeji, watu tunataniana, sawa. Mimi ulininyima nikiwa na harusi, nikacheka. Lakini mama amebakiwa na jicho moja."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Wewe miti yako inateleza kila siku, na nyani hafi."

Stoo akaingia jikoni kunawa. Mkewe akamfuata, akasukuma mlango nyuma yake. Alikuwa nyumbani kutwa nzima. Alimsikia akipiga mluzi, akausikia mluzi ukikatika, na simu ya fundi ilipigwa akiwa anaanua nguo hatua chache tu kutoka pale.

"Niambie mimi," akanong'ona. "Mimi peke yangu. Ni kweli?"

Stoo alimtazama. Sabuni ilikuwa ikichuruzika kwenye vidole vyake. Akaona kwamba hata angeapa, neno lake lilikuwa limekwisha kutumika, kama kibiriti kilichobaki boksi tu.

"Ni kweli," akasema.

"Haya," mkewe akajibu, na akashika sufuria kana kwamba ndiyo aliyoifuata.

Mama ndiye aliyekata shauri, baada ya chakula. Alimwita mwanawe akae karibu, akamshika mkono, akaupapasa kama anatafuta kitu alichokiangusha.

"Mwanangu, nimesikia yako na nimesikia ya shemeji yako. Mimi si mtu wa magari. Najua tu kwamba nikikosa kesho, nitakuwa kipofu nikingoja. Gari linatembea. Tutaondoka nalo."

"Mama, kule mlimani, likikataa mkiwa kwenye kona, litarudi nyuma."

"Litakataa?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Lakini Stoo alikuwa mtu wa kupima, na siku hiyo, baada ya miaka ya uongo mwepesi, hakuweza kusema zaidi ya alichokijua.

"Huenda," akasema.

"Huenda," mama akarudia, na kuuachia mkono wake. "Hata jicho huenda."

Honi alikwisha kutia ufunguo mfukoni. Watu wakapangiana mahali pa kulala. Nje mawingu yalikuwa yameshuka zaidi, na mlima, ambao siku za kawaida unaonekana kutoka dirisha la sebuleni, haukuonekana kabisa. Stoo alimpigia mkuu wake wa kazi, akasema kesho hatakuja. Akaulizwa sababu. Akasema mama yake ni mgonjwa. Upande wa pili ukatoka mguno wa mtu anayefikiria ni nani mwingine anaweza kushika funguo za stoo, na ni mpaka lini.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya wote. Kulikuwa na ukungu, na vyuma vilikuwa vimelowa. Hakutandaza gunia. Aliingia chini ya gari na spana moja, akatafuta nati ya giaboksi kwa vidole, akaifungua. Oili ikamwagikia mkono wake hadi kwenye kiwiko, kisha ikaanza kujimimina ardhini kwa uzi mmoja mrefu. Kulikuwa na giza la ukungu chini pale, hakuweza kuona rangi yake. Hakutafuta tochi. Akatoka, nati mkononi, akasimama karibu na boneti akingoja mlango ufunguliwe.

Honi alitoka na mkoba wa mama. Alitazama kile kidimbwi, akamtazama Stoo, na kwa mara ya kwanza tangu aoe katika ukoo ule, alikosa sauti. Dada aliyekuja nyuma yake alisema neno moja ambalo Stoo hakuwahi kumsikia akilisema. Mkewe alisimama mlangoni na shuka mabegani.

"Nini kinadondoka?" mama akauliza. Alikuwa amevaa viatu vyake vya safari.

"Oili ya gia, mama."

"Nani ameimwaga?"

"Mimi."

Mama alisimama akisikiliza mpaka tone la mwisho. Kisha akanyoosha mkono, si kwa mwanawe, kwa Honi.

"Nipelekeni kwenye basi," akasema. "Mapema, nikapate kiti."

Gari la mnada halikuwa la kupanda mlima, breki zake Honi mwenyewe hakuziamini. Lilitosha kufika kituoni. Stoo hakuambiwa apande wala asipande. Alichukua mkoba ulioachwa barazani, akakaa nyuma pamoja nao, na kituoni alipanda basi bila kuulizwa. Honi alimkalisha mama dirishani, akauweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, akashuka na mkewe bila kuaga. Stoo akaketi kiti cha nyuma ya mama. Mikono yake ilikuwa bado inanuka oili.

Tambarare ikaisha. Barabara ikaanza kujikunja, ukungu ukazidi, na dereva akapunguza gia. Basi likanguruma, likasita kidogo, likashika. Stoo alishikilia mgongo wa kiti cha mama yake kwa mikono miwili. Kila gia iliyobadilishwa aliisikiliza mpaka ishike. Upande wa mama, nje ya dirisha, hakukuwa na kitu, weupe mtupu, na mara mojamoja vilele vya miti vikiwa chini sana.

"Ungekuwa wewe peke yako," mama akasema bila kugeuza kichwa, "ungeondoka nalo?"

Stoo akafikiri.

"Ningeondoka nalo, mama."

Basi likaingia kona nyingine. Nyonga ilikuwa ikimuuma mama, akawa anajisogeza huku na huku. Kisha akapapasa kiti cha pembeni, akaupata mkoba wake, akauvuta na kuupakata mapajani.

Kiti kikabaki wazi. Stoo alikiona. Lakini dereva alikuwa anapunguza gia tena, na basi lilikuwa linasita, naye hakuthubutu kuachia mgongo wa kile kiti hadi alisikie likishika.